Andika Hata Habari za Kuku

Migosi, Kisumu
6 Februari 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zetu. Tuko salama, na Tom amerudi kazini baada ya homa ya wiki jana.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu imetushinda. Jumapili Tom alipaza sauti mpaka mpangaji wa juu akachungulia dirishani, nawe ulikuwa unajibu tu, "Eeh, eeh, mvua bado." Mama, alikuwa anakuuliza kama umekula. Alipokata simu aliigeuza kifudifudi mezani, nikajua imemuuma. Sasa Dorca amekubali kubeba barua zetu kila Alhamisi anapoleta samaki sokoni kutoka huko kwenu. Naandika Kiswahili, maana Dholuo changu ni cha kununua nyanya tu, na Kibukusu changu hakitakufaa.

Kwenye mfuko huo kuna daftari na kalamu mbili. Acha nikwambie ni za nini. Desemba tulipokuja kukaa nawe, mwezi mmoja baada ya kumzika Baba, tulikuwa jikoni tunachambua mboga ukaniita binti wa Bungoma kama kawaida yako, "Nyar Bungoma, siku zangu zote zimekuwa siku moja." Nilirudi na maneno hayo Kisumu na bado ninayo. Nilipoolewa nikahamia hapa, sikumjua mtu. Majirani wakicheka uani, sikujua wanacheka nini. Nikaanza kuandika kila jioni kabla ya kupika: nilichokiona, na kilichonikaa moyoni. Hakuna aliyesoma, hata Tom. Lakini nilikuwa nikifunga daftari najiona kama nimetoka kuzungumza na mtu. Mpaka leo naandika.

Jaribu, Mama. Ni lako peke yako.

Chumba chako kiko tayari. Tom amenunua kitanda na pazia la kijani. Anauliza lini akufuate.

Mtoto wako,
Nanyama


Asembo Bay
13 Februari 2025

Nyar Bungoma,

Ero kamano, asante sana. Nimepokea daftari, nimepokea kalamu, na ile sukari uliyoficha chini ya mfuko nimeipata.

Mimi nimekuwa karani wa Umoja wa Akina Mama kanisani tangu Tom akiwa mtoto. Naandika nani amefika, nani ameomba radhi, nani amefunga kwa sala. Hayo najua. Lakini hili lako limenishinda. Nilikaa nalo Jumatatu nikaandika: "Leo mvua hakuna. Kuku mwekundu ametaga." Jumanne nikaandika: "Mvua hakuna. Kuku mwekundu hajataga." Nikasoma nikaona huu ni wazimu. Nani anahitaji kumbukumbu za kuku?

Mwambie Tom asante kwa kitanda. Amlaze mgeni. Mimi nakaa kwangu.

Mama yako,
Seline


Migosi, Kisumu
20 Februari 2025

Mpendwa Mama,

Nilisoma barua yako wakati wa mapumziko, watoto wa chekechea wakinywa uji, nikacheka mpaka mmoja akaja kuniuliza, "Teacher, unalia?"

Andika hata habari za kuku, Mama. Ila usimwache kuku peke yake. Akitaga, andika na wewe ulihisi nini ulipoliona yai. Asipotaga, andika kama ulijali au hukujali. Hakuna atakayeomba radhi wala kufunga kwa sala. Siku nyingine mimi huandika mstari mmoja tu: "Leo nimechoka na sijui kwa nini." Kesho yake nikiusoma huwa nimeshajua.

Tom amekasirika kidogo kuhusu kitanda. Anasema unakataa bila kutoa sababu, na kwamba angekuwa na sababu angetulia.

Wako,
Nanyama


Asembo Bay
3 Aprili 2025

Nyar Bungoma,

Usidhani nimekusahau. Nilikuwa nimekasirikia daftari lako, nikaliweka chini ya godoro, likakaa huko mwezi mzima.

Kisha siku moja nilikuwa nimekaa mlangoni nikaona ziwa limebadilika rangi, kama chai yenye maziwa kidogo. Nikasema, leo nina kitu. Nikalitoa nikaandika hiyo rangi. Kesho yake nikafungua, nikakuta sina la kuandika, kwa sababu sikuwa nimetoka nje. Ilinikera. Nikavaa leso nikashuka mpaka ufukweni walipo wanawake wanaoanika dagaa wa omena. Sikuwa nimefika huko tangu mazishi. Walinikumbatia mmoja mmoja. Mmoja alinipa bakuli zima la omena, akaniambia, "Nyar Uyoma, tulidhani umetuhama." Nilirudi nyumbani na mambo mengi mpaka nikaandika kurasa mbili, na chakula changu kikaungua.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata pasta. Juma lililopita nilianza kuandika juu ya Mzee Okinyi. Nilitaka kuandika mazuri yake, kama tulivyosema kwenye mazishi. Kalamu ikakataa. Ikaandika kwamba nimemkasirikia. Alikohoa tangu mwezi wa sita, mimi namwambia twende kliniki, yeye ananiambia kesho. Kila siku kesho. Niliandika, "Okinyi, ulikuwa mtu mkaidi na umeniacha na kazi ya kufukuza ng'ombe wa watu shambani peke yangu." Niliandika nikilia. Halafu chini yake nikaona nimeandika jinsi alivyokuwa akinipepetea omena kuondoa mchanga, kwa sababu mimi huchukia mchanga mdomoni, na hakuwahi kusema anafanya hivyo. Alifanya tu.

Nililala usingizi, Nyar Bungoma. Usingizi wenyewe. Jua ndilo lililoniamsha.

Na jana niliondoa kitambaa juu ya cherehani yangu iliyolala muda mrefu. Ukanda umeoza lakini fundi anakuja.

Mama yako,
Seline


Migosi, Kisumu
17 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nashukuru kwamba umelala.

Tom atakuja Pasaka. Mimi sitaweza, kazi ni nyingi na nimechoka kidogo. Usiwe na wasiwasi. Nimempa akuletee mkate na ukanda mpya wa cherehani, endapo fundi bado hajaupata.

Wako,
Nanyama


Asembo Bay
24 Aprili 2025

Nanyama,

Nakuita kwa jina lako leo kwa sababu nimeudhika.

Tom alikuja. Tulikula vizuri, akarekebisha mlango wa banda la kuku. Jumatatu ya Pasaka nilitoka kuchota maji, niliporudi nikamkuta amesimama mezani na daftari langu limefunguliwa mikononi mwake. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema jambo, sikulipata kwa sababu alikuwa ameinama. Nikamwambia arudie. Akainua kichwa akasema polepole kama anamsemesha mtoto, "Mama, unaandika ili usisahau? Umeanza kusahau vitu gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe daftari halikuwa langu. Mlinipa ili mpime akili yangu. Mkishaona nimekosea siku, au nimeandika kitu kimoja mara mbili, mseme Mama amechanganyikiwa, abebwe pamoja na sufuria zake apelekwe Migosi kwenye pazia la kijani. Nami nilikuwa nimeandika humo mambo ya Okinyi!

Na wewe hukuja. Ulijua ataliangalia, ukaona aibu kuwepo.

Nimelifunga daftari kwa uzi wa cherehani, Dorca anakuletea. Chukua mali yako.

Seline


Migosi, Kisumu
1 Mei 2025

Mpendwa Mama,

Dorca anakurudishia daftari. Uzi ni ule ule wako na fundo ni lile lile ulilofunga. Sijaligusa zaidi ya kulitoa kwenye mfuko mmoja na kuliweka kwenye mwingine.

Tom hakujua lolote kuhusu daftari. Sikumwambia, kwa sababu nilikuahidi ni lako peke yako. Alipoliona mezani alikumbuka mama wa mwenzake kazini, aliyekuwa akiandika majina ya wajukuu ukutani ili asiwasahau, akashtuka. Nimemweleza. Ameona haya sana, na anasema alisoma mstari mmoja tu, ule wa ziwa na chai. Lakini hakupaswa kufungua, na nimemwambia hivyo.

Sasa mimi. Niliposoma barua yako nilitaka kukujibu papo hapo kwamba tunakutaka Kisumu kwa faida yako. Badala yake nilikaa na daftari langu nikajiuliza kwa maandishi: "Kwa nini namtaka Mama aje?" Nikaandika: ili asiwe peke yake. Nikaandika: ili awe karibu na hospitali. Majibu mazuri yote, lakini mkono ulikuwa mzito kama wa mtoto anayenakili kazi ya mwenzake. Jioni iliyofuata nikaandika tena, ndipo likatoka.

Nina mimba, Mama. Ni mwezi wa tano sasa. Sikuja Pasaka kwa sababu daktari alinikataza safari. Mwaka juzi nilibeba nyingine ikaharibika, na tuliwaficha wewe na Baba, tukasema ni malaria. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shule ya upili. Nikishikwa na hofu mchana, sina mwanamke mkubwa wa kumuuliza kama hivi ninavyojisikia ndivyo inavyopaswa kuwa. Ninakutaka uje kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo sababu, na mimi mwenyewe sikuijua mpaka nilipoiona imeandikwa kwa mwandiko wangu.

Na chini yake niliandika lingine, nalo nikuambie: nimekuwa nikidhani unakataa kuja kwa sababu mke wa mwanao ni mtu wa Bungoma.

Wako,
Nanyama


Asembo Bay
8 Mei 2025

Nyathina, mtoto wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama kando ya barabara, Dorca akiwa bado hajashusha beseni kichwani. Nikapiga kelele mpaka akadhani mtu amekufa. Nikamwambia, hapana, kuna mtu anakuja! Basi tukacheza pale pale, na beseni lake.

Kwa ile iliyoharibika, pole. Pole sana. Ungeniambia. Mimi pia kabla ya Tom alikuwepo mwingine ambaye hakufika. Tukionana, tutazungumza juu yao wote wawili. Hofu ya mchana ni ya kawaida. Kama hakuna damu na hakuna maumivu makali, kunywa uji, inua miguu, tafuta jirani mwenye maneno mengi. Vikiwepo, usiandike barua, nenda hospitali.

Sasa sikiliza hili la Bungoma. Nilikata uzi, nikafungua daftari, nikafanya kama ulivyofanya wewe. Nikaandika swali: "Seline, kwa nini hutaki kwenda Kisumu?" Nikajibu: kwa sababu ya kuku. Nikakata. Nikajibu: kwa sababu ya kaburi la Mzee. Nikafikiri, nikakata pia, maana Okinyi mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Nilikwenda nikalisha kuku, nikarudi, nikashika kalamu, ikaandika: "Hapa ninajua midomo ya watu wote."

Ndiyo hiyo. Nyinyi mnadhani nasikia kidogo. Ukweli ni kwamba karibu sisikii kabisa. Lakini hapa mwenye duka akifungua mdomo, najua anachosema. Pasta najua anapofika "Amina." Dorca akikunja midomo, najua anataka kumsengenya mtu kabla hajaanza. Hawa watu nimewatazama maisha yangu yote. Huko Kisumu nitakuwa kama mtu anayetazama televisheni iliyofungwa sauti. Unakumbuka tulipokuja na Mzee baada ya harusi yenu? Nilikaa kwenye kiti chenu siku nzima nikitabasamu. Mashavu yaliniuma. Sikuwa nimelisema hili kwa mtu, na mimi mwenyewe nilikuwa nikijiambia ni kuku.

Watu wa Bungoma hawana kosa. Midomo yako wewe naisoma vizuri kuliko ya mwanangu, kwa sababu unanitazama unaposema.

Nitakuja mtoto akikaribia. Nitakuja kwa ziara, nitakaa mpaka upate nguvu, na nitarudi nyumbani kwangu. Mwambie Tom sharti ni hili: akinisemesha asimame mbele yangu. Na anyoe hayo masharubu, yanameza maneno.

Mama yako,
Seline, Nyar Uyoma


Kisumu
28 Agosti 2025

Kwa Mama,

Mimi si mtu wa barua. Naandika hii nikiwa sokoni, juu ya sanduku la samaki, Dorca ananiharakisha.

Mtoto amekuja mapema, jana asubuhi. Ni msichana. Ni mdogo lakini daktari anasema mapafu yake yako sawa na ananyonya vizuri. Nanyama amechoka ila yuko salama. Alikuita wewe kwa jina wakati wa uchungu, si mimi.

Mama, sikupaswa kufungua daftari lako. Pia sikupaswa kununua kitanda kabla ya kukuuliza. Baba alipokufa nilitaka kufanya jambo lolote, na kitanda ndicho kilichokuwa karibu.

Njoo umwone. Si kuhamia. Njoo tu. Nitakusubiri stendi kesho na keshokutwa mpaka nikuone.

Nimenyoa.

Mwanao,
Tom


Migosi, Kisumu
16 Oktoba 2025

Mpendwa Mama,

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Achola Naswa anageuza macho kuelekea kile kiti ulichokuwa ukikalia na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekufukuza. Kila anayeuliza jina namweleza: Achola kwa sababu amezaliwa nyumba ikiwa bado na msiba wa babu yake, na Naswa kutoka kwa bibi yangu, ili Bungoma nao wapate chao. Tom anamweleza kila mtu hata asiyeuliza.

Ulipokuwa hapa sikukuambia kwamba nilikuwa nikiwatazama. Tom alikuwa akirudi kazini anavuta kigoda anakaa mbele yako, magoti yakigusana, anakusimulia habari za mafriji mabovu anayotengeneza mji mzima. Mwanzoni aliongea polepole kama anatoa ushahidi mahakamani. Baadaye akasahau, akawa anaongea kama kawaida, nawe unacheka mahali panapostahili. Jana aliniambia, "Sikujua Mama ni mcheshi hivi." Ana miaka thelathini na minne, Mama.

Mimi sijaandika vizuri tangu mtoto azaliwe. Mstari mmoja, nusu mstari, mara nyingine neno tu: "Amecheka." Nilianza kujilaumu, nikakumbuka nilichokufundisha, nikajiachia. Lakini nikipekua nyuma naona kitu. Mwezi wa nne na wa tano kila ukurasa una neno hofu. Mwezi wa tisa nimelitafuta, sikulipata. Sikuona lilipoondoka.

Sasa nina ombi, na unaweza kukataa. Ile jioni ya kwanza ulipofika, ulimshika mtoto, kisha ukakaa mezani ukaandika, ukiufunika ukurasa kwa mkono kama mtoto wa shule anayeogopa mwenzake asinakili. Uliandika nini?

Wako,
Nanyama


Asembo Bay
23 Oktoba 2025

Nyar Bungoma, Mama Achola,

Nilifika salama. Kuku mwekundu ameacha kutaga kabisa, nadhani ni kwa chuki. Wanawake wa omena walinipokea kama waziri. Niliwaonyesha picha ya mtoto, ikapita mkono hadi mkono mpaka ikanuka samaki, lakini sura bado inaonekana.

Cherehani inafanya kazi. Wasichana wawili wa hapa jirani, Akello na mwenzake, wanakuja mchana kujifunza kushona. Naendelea kuandika kila jioni, jua likiwa bado lipo ili nisitafute miwani. Siku nyingine najaza ukurasa, siku nyingine naandika, "Leo mguu unauma," nafunga. Nimegundua jambo: siku zangu hazikuwa moja. Nilikuwa siziangalii tu. Dorca ameniona nikiandika, sasa naye anataka daftari, ila anasema lake liwe na kufuli, kwa vile anavyojua habari za watu.

Krismasi njooni wote. Tom alete mabati, banda linavuja.

Umeuliza nilichoandika. Ningeweza kukataa, daftari ni langu, wewe mwenyewe ulisema. Lakini hili nakupa.

Unakumbuka mtoto alikuwa analia sana nilipompokea. Wewe na Tom mlitazamana, nikaona mnanihurumia, kwamba bibi amemshika mjukuu na hawezi kumsikia. Nilifungua blanketi nikaweka kiganja changu kifuani pake. Baadaye mezani nikaandika maneno haya, nayanakili kama yalivyo:

"Leo nimemshika mtoto wa Tom na Nanyama. Alikuwa analia. Nimeweka mkono juu ya kifua chake, kilio kikapanda kwenye kiganja, kikapita kwenye mkono, kikafika begani. Ana sauti kubwa huyu msichana. Nimemsikia."

Mama yako,
Seline, Nyar Uyoma